Ombi la Kuahirisha Mtihani wa Nesi Hadi Familia Itakapokuwa Tayari

Kwa Msimamizi wa Mitihani ya Leseni ya Uuguzi

Ndugu Msimamizi,

YAH: OMBI LA KUAHIRISHA MTIHANI WA NESI HADI FAMILIA ITAKAPOKUWA TAYARI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshakunywa chai na miwani yako iko karibu, maana ni ndefu. Kichwa cha habari hapo juu nimekipigia mstari kwa rula. Mimi ni mwandika mabango, na karibu kila duka la mtaa wetu, kuanzia la dawa hadi la vipuri vya baiskeli, limeandikwa na mkono huu. Kwa hiyo ukiona herufi kubwa usidhani nafoka, ni mazoea ya kazi.

Binti yangu ni mtahiniwa wako. Nyumbani tunamwita Nesi tangu akiwa na miaka saba, siku alipomfunga paka wa jirani bendeji kwa kitambaa cha mteja wa mama yake. Chuo amemaliza, sasa yuko wodini kwa mafunzo ya vitendo, na mtihani wake wa leseni ni Jumatatu ya wiki ijayo. Akifaulu, wodi ya wazazi wamemwahidi kazi. Asipoufanya safari hii, nafasi hiyo anapewa mwingine. Hilo nalijua fika, na bado naomba mtihani usogezwe mbele. Sababu zangu ni hizi.

1. Kuhusu kipimo chenu

Mtihani wa mazoezi mliouweka kwenye simu hutoa alama kila Jumamosi, pamoja na neno moja: TAYARI, KARIBU au BADO. Anayepata asilimia sabini na tano kwenda juu ndiye TAYARI. Mpango huo niliupenda mno hata nikauchora kwenye ukuta wa sebule, kipimajoto kirefu kutoka sakafuni hadi karibu na dari, na mstari mwekundu kwenye sabini na tano. Nilitumia rangi ya mafuta.

Wiki ya kwanza Nesi alipata themanini na mbili. Nikapandisha rangi juu ya mstari, majirani wakaja kutazama, mke wangu akawatolea viti. Wiki ya pili tukashuka hadi sabini na moja. Ya tatu, hamsini na nane. Jumamosi iliyopita, arobaini na sita, BADO. Ndugu Msimamizi, rangi ya mafuta ikishapanda haishuki. Imebidi nichore mstari mpya kila wiki chini ya ule wa zamani na kuandika tarehe pembeni, na mgeni akiingia kwangu siku hizi anasoma aibu yetu kabla hajapewa maji ya kunywa.

2. Kuhusu mtambo wenu kukaza makusudi

Unaweza kuuliza kama Nesi amezembea. La hasha. Akitoka wodini hata viatu hajavua anashika simu na kujibu maswali. Tena tangu wiki ya pili hayuko peke yake. Simu yenyewe ni ya nyumba nzima, na wodini haendi nayo kwa kuwa hairuhusiwi. Mimi nikapiga hesabu: ikiwa mtu mmoja anapata themanini na mbili, watu watano hawawezi kupata pungufu ya hapo. Basi tukakubaliana kumtia nguvu. Yupo mke wangu, fundi cherehani. Shemeji yangu, mlinzi wa usiku ambaye mchana anashinda nyumbani. Mama yangu mzazi. Na mimi, kiongozi wa msafara. Nesi akijibu maswali arobaini, sisi tunamwongezea sitini juu yake. Yeye hatujamwambia, tusije tukamtwisha mzigo wa shukrani kabla ya mtihani.

Sasa nieleze wewe uliyesoma: inakuwaje msaada unazidi na alama zinapungua? Mimi jibu ninaloliona ni moja tu. Mtambo wenu ukishagundua kwamba familia inajituma, unakaza.

3. Kuhusu majibu mema yanayokataliwa

Hapa nitakuwa muwazi, kwa sababu nina mifano.

Swali lilisema mgonjwa aliyetoka kupasuliwa anapumua kwa shida, muuguzi aanze na lipi. Mama yangu akajibu: aite daktari. Mkakataa, mkasema kwanza ainue kichwa cha kitanda. Siku ya pili swali likarudi, shemeji akasema tatizo ni kwamba hakuna aliyeandika, naye akachagua: aandike tukio kwenye kitabu. Kule getini kwake jambo lisiloandikwa huwa halijatokea. Hilo nalo mkalikataa. Sasa mama yangu amewashikia msimamo. Kila swali lenye daktari ndani yake anamwita daktari, na pasipo na daktari anabonyeza jibu lililo karibu na kidole.

Mke wangu tulimwachia hesabu za dawa, maana yeye ndiye mtu wa vipimo. Alikokotoa vizuri kabisa, akapata mililita alizotakiwa, kisha akaongeza kidogo kwa ajili ya mshono. Kitambaa kikikatwa kifupi hakiongezeki, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo anavyowafundisha wanagenzi wake. Mtambo ukawaka rangi nyekundu kwamba mgonjwa amezidishiwa dozi. Mke wangu alishika tama mpaka chakula kikaungua, akimwazia mgonjwa huyo na watoto wake. Ilinibidi nimweleze kwa upole kwamba mgonjwa hayupo.

Na mimi nilipewa swali linalosema, chagua majibu yote yaliyo sahihi. Nikachagua yote. Sikuona sababu ya kumnyima mgonjwa kitu chochote. Mkanipa sifuri.

4. Kuhusu hali ya mtahiniwa

Hili ndilo linaloniuma, na mizaha naiweka pembeni. Jumamosi Nesi alipoona ile arobaini na sita alikwenda jikoni akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Tangu hapo ameniambia mara mbili kwamba labda kazi hii si yake, na kwamba akiwa wodini anahesabu kila kidonge mara tatu kwa kufikiria hiyo BADO. Juzi bibi yake alimwomba ampime presha, kitu alichokuwa akikifanya huku akiimba, naye akasema bora aende zahanati. Mimi ni baba yake. Nimemwona mtoto huyu akiitaka kazi hiyo tangu hajui kuandika, na sasa namwona akijiogopa mwenyewe ndani ya nyumba yangu. Inanichoma.

Nasi kila akivunjika moyo, tunazidisha bidii. Jumapili peke yake tulijibu maswali mia tatu, shemeji akiacha usingizi wake wa mchana. Kwa mwendo huo, nasubiri Jumamosi ijayo nikiwa na brashi mkononi.

Kwa sababu hizo zote, naomba mtihani wa Nesi uahirishwe mpaka kipimo chenu kirudi sabini na tano, hata ikichukua mwaka, hata ikichukua miwili, nafasi ya wodini na iende, mtoto asije akaingia kwenye chumba cha mtihani akaumbuka.

Likishindikana hilo, basi kwa kuwa alama hizi ni za watu watano, watu watano waruhusiwe kuingia kwenye mtihani. Tutakaa kimya. Mama yangu atahitaji kiti chenye mgongo, na mke wangu atakuja na futi yake.

Kama chumba chenu ni kidogo, msimamizi aje sebuleni kwetu. Kipimo kipo tayari ukutani, hatalazimika kubeba kitu.

Na kama sheria inakataa yote hayo, leseni itolewe kwa nyumba nzima, tuifanyie kazi kwa zamu. Bango nitaandika mwenyewe: FAMILIA YA NESI, WAUGUZI. Nimeshalipigia mistari kwa penseli.

Nisalimie naibu wako, makarani wote, na mhudumu anayewaletea chai. Msalimie pia yule aliyechagua ile rangi nyekundu ya makosa. Mwambie kwa niaba ya watu wa rangi kwamba kuna wekundu wa upole kuliko huo, na akitaka nitamchanganyia.

Nabaki kuwa mzazi wako mtiifu kwa niaba ya nyumba,

Baba Nesi,
Mwandika mabango

Nyongeza:

Nilipopiga simu ofisini kwenu kuulizia anwani, karani aliniambia ombi la kuahirisha lazima litiwe saini na mtahiniwa mwenyewe. Basi jioni nikamkabidhi Nesi barua na kalamu. Akasoma akiwa amesimama. Alipofika kipengele cha pili akanitazama, akasema, "Baba, nani anajibu maswali nikiwa wodini?"

Nikamwambia, "Sote, mwanangu. Kwa moyo mmoja."

Akakaa chini, pale pale sakafuni. Kumbe kwa wiki tatu mtoto alikuwa akiamini kwamba anasahau kila alichofundishwa, siku hadi siku, na hakutaka kutuambia tusije tukavunjika moyo. Alilia, kisha akacheka, kisha akachanganya vyote viwili, na mama yangu akasema aitwe daktari.

Baadaye alichukua simu, akatenganisha majibu yake na yetu kwa kuangalia saa yalipotumwa, yeye akiwa nyumbani au wodini. Majibu yake peke yake yana asilimia themanini na nane. Amekuwa akipanda kila wiki huku sisi tukimvuta miguu. Majibu yetu wanne yana asilimia kumi na tisa. Nesi anasema mtu aliyefumba macho na kubonyeza ovyo angepata ishirini na tano. Ameomba kwa heshima zote, hasa kwa mama yake, kwamba akitokea mgonjwa humu ndani yeye akiwa hayupo, tumkimbize hospitali bila kumgusa.

Nimemwomba radhi. Nimeona haya, Ndugu Msimamizi, lakini furaha niliyonayo imezidi haya. Usiku huu amempima bibi yake presha bila kuombwa.

Barua hajaisaini, kwa hiyo yote yaliyoandikwa huko juu yahesabu hayakusemwa, na mtihani wake ubaki siku yake. Nilitaka hata kuichana. Naituma kwa sababu ya jambo moja tu. Nesi ametuomba siku hiyo tusimsindikize, na sote wanne tumekubali mbele yake kwa viapo. Lakini nawajua watu wangu, na mimi najijua zaidi. Jumatatu asubuhi tutakuwa getini kwenu.

Tafadhali msitufungulie.