Anatafutwa Mwenye Jino Bovu

Jumatatu, tarehe 4

Barua ya Bodi ya madaktari wa meno imefika! Nimeisomea bafuni, komeo nimefunga, maana katika nyumba hii barua husomwa na watu wawili kabla ya mwenyewe. Mtihani wa mwisho ni Jumamosi ya tarehe 16. Hii ni nafasi yangu ya tatu. Ya nne haipo. Nikianguka narudi mwanzo kabisa: vyeti vihakikiwe upya, karatasi za maswali, kichwa cha sanamu chenye meno ya plastiki, yote. Miaka minne mingine.

Na mimi si mwanafunzi, jamani. Kwetu nimeng'oa na kuziba meno miaka kumi na moja. Nilikuwa na kibao mlangoni! Hapa naosha koleo na vioo vya meno kwenye kliniki ya watu. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, huwaambia majirani kwamba naosha vijiko.

Maswali nilishayapita. Sanamu nililiziba vizuri mpaka likasifiwa. Kinachonishinda ni mgonjwa. Sheria ya hapa inataka kila mtahiniwa aje na mgonjwa wake mwenyewe, mtu mzima, mwenye tundu kati ya magego mawili. Liwe tundu jipya au la jino lililotoka kizibo, hawajali. Ila lisiwe dogo sana wala kubwa sana. Mara ya kwanza mgonjwa wangu aliingia mitini asubuhi ya mtihani. Mara ya pili nilimleta mtu ambaye tundu lake mtahini aliliita pango. Nikarudishwa nyumbani kabla sijavaa glavu.

Mke wangu amesema safari hii nisilete ujanja. Ujanja! Mimi!

Jumanne, tarehe 5

Mpango wa kwanza: vichekesho. Mtu akicheka sawasawa, magego yote hadharani. Nimekwenda kwenye foleni ya posta saa ya mapumziko, nikaanza kusimulia. Mama mmoja akahamishia mkoba bega la pili. Aliyecheka ni mzee wa mbele kabisa. Alicheka mpaka akashika ukuta, na kinywani hana jino hata la dawa.

Jioni mazoezi na Profesa. Huyu ni mtahiniwa mwenzangu, daktari wa meno aliyetoka nje kama mimi. Tunamwita Profesa kwa sababu ana kalamu za rangi nne na hujibu maswali ambayo hajaulizwa. Naye hajapata mgonjwa. Anasema hana wasiwasi. Mtu wa namna hiyo unamfanyaje?

Alhamisi, tarehe 7

Nimepata! Nimepata! Wakati wa chai mama mkwe ameshika shavu la kulia, akahamishia chai upande wa kushoto. Gego la chini, sina shaka. Nazunguka mji mzima nikitazama vinywa vya watu, kumbe mgonjwa wangu yuko sebuleni kwangu, kwenye kochi langu!

Ila nitaanzaje? Mama mkwe ni mama mkwe. Humwambii tu mama mkwe wako afungue kinywa. Tena nikimwomba anaweza kukataa. Nikitumia akili, hatajua kuna cha kukataa. Kwanza nilione tundu lenyewe, kimyakimya, nijue kama linafaa.

Ijumaa, tarehe 8

Uchunguzi wa siri umeanza. Nimemtilia barafu kwenye maji. Akapiga yowe na kushika kulia! Safi sana.

Halafu nikapiga miayo mbele yake mara saba, maana miayo huambukiza. Akaniambia nikalale. Basi nikajilaza sakafuni karibu na miguu yake, nikijifanya natafuta kifungo cha shati, ili nimtazame kwa chini akiongea na simu. Nimeliona jino lake la dhahabu la mbele. Nimeuona ulimi. Kisha akanikanyaga vidole, na sidhani kama ni kwa bahati mbaya.

Jumapili, tarehe 10

Siku mbaya kuliko zote. Tangu jana mama mkwe anatembea amejifunga kitambaa mdomoni. Mke wangu ameniita jikoni. Eti mama amemweleza kwamba namvizia kwa sababu ya jino la dhahabu. Anaamini nataka kuling'oa nikaliuze! Nikacheka. Mke wangu hakucheka. Akauliza nilikuwa natafuta nini miguuni pa mama yake. Nikasema kifungo. Akalitazama shati langu, vifungo vyote sita vipo.

Ningeweza kumwambia ukweli palepale. Lakini mpango ulikuwa haujaiva. Nikaenda chumbani kukata kifungo kimoja ili ushahidi upatikane.

Nikiwa huko, Profesa amekuja kurudisha taya langu la plastiki la mazoezi. Natoka na mkasi mkononi, naona nini? Kitambaa kimeshuka! Mama mkwe amefungua kinywa mpaka kooni, na Profesa anammulika kwa tochi ya simu. Kumbe alimsalimia tu, akamwambia anaona anaumwa jino, na kwamba Jumamosi ana mtihani, akimkubalia atamziba. Basi. Hakuna mpango wala nini! Mama mkwe amesema huyu mtoto ana adabu. Amekubali! Mama mkwe wangu! Na tundu lenyewe, kwa maneno ya Profesa, ni zuri kuliko la kitabuni.

Nilikaa nimeshika mkasi. Mama mkwe alipouona akafunga kitambaa tena.

Jumatatu, tarehe 11

Sikula. Mke wangu anasema mji mzima umejaa meno mabovu, nitafute. Nimemuuliza mlinzi wa kliniki. Meno yake mazima yote, nimeyahesabu. Nimemuuliza fundi wa lifti. Amesema yeye hutengeneza lifti ikiwa ghorofa ya kumi na mbili bila kutetemeka, lakini sindano ya fizi, hapana. Zimebaki siku tano.

Jumanne, tarehe 12

Naandika kwa aibu. Kama tundu lile si langu, basi lisiwe la mtu! Likimegeka ukingo kidogo tu, watahini watalikataa. Nimenunua mfuko mzima wa tofi, zile ngumu zinazonata. Mimi, niliyewaambia watoto wa watu miaka kumi na moja waache peremende! Muuzaji aliniuliza kama kuna sherehe. Nikasema ipo ndogo ya kifamilia.

Jumatano, tarehe 13

Mama mkwe ana adabu ya kutisha. Kila nikimkaribisha tofi, anataka nitangulie mimi. Nikishatangulia, yake anaitia mfukoni. Na haondoi macho mpaka nimeze. Nadhani anachunguza kama nimetia dawa ya usingizi, kwa ajili ya lile la dhahabu. Nimekula kumi na nne. Sijawahi kuzichukia tofi hivi.

Alhamisi, tarehe 14

Tofi ya ishirini na moja. Mlio mdogo, kha! Kizibo cha gego langu la juu kushoto kimetoka kizima, kimenasa kwenye tofi. Alinizibia mwalimu wangu chuoni, na alijivunia sana kazi ile. Maumivu yamepanda mpaka sikioni. Nimezunguka meza mara tano.

Mama mkwe ameniambia kwa upole kwamba tofi huharibu meno. Akasema alidhani najua, lakini mtu wa vijiko atajuaje.

Ijumaa, tarehe 15

Profesa amekuja kupanga saa na mama mkwe. Safari hii mwenye kitambaa usoni ni mimi. Akanimulika. Akanyamaza, Profesa! Halafu akasema kwa sauti ya heshima kwamba tundu langu ni saizi ya mtihani hasa.

Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akamaliza mambo kwa pumzi moja. Profesa mtihani wake ni asubuhi, anizibe mimi. Wangu ni mchana, nimzibe mama. Ugumu uko wapi? Profesa akapekua daftari lake, akasema sheria inaruhusu, amepigia mstari wa kijani. Akakubali bila kudai chochote. Imeniudhi, maana nilikuwa nimeandaa vitisho.

Mama mkwe akaweka sharti moja. Nimwombe mimi, kwa kinywa changu. Nikaanzia mbali: hali ya hewa, afya ya jamaa, umuhimu wa magego katika ukoo. Akaninyooshea kidole. Nikamwambia naomba nimzibe jino. Nikamwambia pia naogopa kuanguka tena. Hilo la pili sijui lilitokea wapi.

Akauliza, na la dhahabu? Nikaapa sitaligusa. Akanitazama sana. Kisha akasema ameumwa wiki nzima, nyumbani kuna daktari, na alikuwa anangoja tu daktari huyo amuulize mbona ameshika shavu.

Nikaenda kukishona kifungo.

Jumamosi, tarehe 16

Asubuhi: Profesa. Ana mkono mwepesi, sina budi kukiri. Ila ganzi amenitia mbili, kwa usalama, kasema. Saa ya chakula nusu ya uso siisikii. Nimejimwagia supu kifuani, mama mkwe akanifuta.

Mchana: zamu yangu. Mtahini ni mama mrefu mwenye miwani ya kamba. Nilikuwa nimemwandalia hotuba ya kumlainisha: uzoefu wangu, kibao changu, wagonjwa niliowaacha wakilia. Nilikuwa hata na kichekesho cha kumalizia. Nikafungua kinywa, kikatoka kitu kama bwabwabwa, na mate yakajaa kwenye barakoa. Akaniambia nianze kazi.

Basi nikaanza. Ningefanya nini? Siwezi kusifia, siwezi kulalamika, siwezi kumuuliza kwao wapi. Limebaki jino tu. Na nilikuwa nimesahau, wallahi, nilikuwa nimesahau raha yake! Kilichooza kinatoka, kizima kinabaki. Ukingo unalainika chini ya chombo. Uzi wa meno unapita kati ya magego ukikwama kidogo, inavyotakiwa. Saa mbili zimepita sijui zimekwenda wapi. Wakati wa sindano mama mkwe alishika pindo la koti langu, na hakuliachia mpaka mwisho.

Akapewa kioo. Kwanza akalitazama la dhahabu. Lipo. Kisha akalitazama gego, akageuza shingo, akatazama tena. Akamwambia mtahini, bila kuulizwa, kwamba huyu ni mkwe wake, ni daktari wa meno.

Nililia chini ya barakoa. Upande mmoja tu, wa pili bado ulikuwa na ganzi.

Ijumaa, tarehe 22

NIMEFAULU! Na Profesa naye, haya, Mungu ambariki. Mke wangu amelia, kisha akacheza, kisha akalia tena. Mama mkwe amezunguka ghorofa zote akifungua kinywa mlango kwa mlango. Anawaonyesha watu kazi yangu!

Wote wawili wanasema kilichoniokoa ni kusema wazi. Hawajui hesabu. Bila tofi, kizibo kisingetoka. Kisingetoka, Profesa asingemwachia mama mkwe. Kwa hiyo mpango ulikuwa sahihi tangu mwanzo, ila nilikuwa sijauona wote.

Jumatatu, tarehe 25

Imebaki hatua moja kabla ya leseni kuanza kufanya kazi. Miezi sita chini ya daktari mwenyeji, naye atie saini fomu. Mkuu wa kliniki yetu anakaa hatua kumi kutoka kwenye sinki langu. Mke wangu kasema niingie nimwombe. Kumwomba! Mtu mwenye leseni! Bora aogope kunipoteza.

Saa tatu kamili nikasimama nje ya mlango wake na simu sikioni. Simu haikuwa na mtu. Nikaishukuru kwa sauti ile kliniki kubwa ya mtaa wa pili kwa nafasi waliyonipa. Nikasema nitaanza mwezi ujao.

Mkuu akatoka mbio. Akanikumbatia! Macho yana machozi! Akasema alikuwa ameshaitia saini fomu yangu, na kiti cha dirishani alikuwa ameniwekea mimi, lakini hana moyo wa kumzuia mtu anayepanda. Akaichana fomu mbele yangu, kwa upendo kabisa. Akasema kiti atampa mwingine keshokutwa.

Nyumbani wamenikalia kikao. Mke wangu anasema nirudi kesho nikaseme ukweli, ni dakika moja. Mama mkwe anasema hata nusu dakika inatosha. Wananipenda, ila hawana uzoefu wa mambo haya. Kesho saa tatu napiga simu nyingine palepale mlangoni, kwa sauti kubwa zaidi. Nitaambiwa ile kliniki imeungua.