Malalamiko juu ya Vijidudu Vinavyoshindana na Mkono Wangu

Bibokoboko, tarehe 9 mwezi wa tisa

Kwa Bwana Agronome Darius, mtaalamu wa kilimo, katika buro yake, Baraka

Mpwa wangu,

Ninakuandikia kama raia, ujomba tuuweke pembeni kwanza. Unajua mwenyewe: kwetu shamba la viazi halipandwi mpaka mutu mwenye mkono mwema apande tuta la kwanza, kisha apewe maziwa mbele ya wazee wote. Miaka ishirini mkono huo ni wangu. Mwaka fulani nilipanda kiazi kikatoka kikubwa, ng'ombe wakakizunguka siku mbili wakidhani ni kilima. Mashahidi wapo, ila walihamia Kazimia.

Tangu msimu uliopita umeleta vijidudu vya udongo ndani ya chupa, unafundisha bamama kuchovya mbegu humo, eti vitakaa kwenye mizizi vilishe kiazi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mgeni yeyote anayelala hapa anaandikwa kwa chifu. Vyako vimeingia kwa mamilioni, hata kimoja hakikuandikwa.

2. Vinafanya kazi Jumapili. Nilimwuliza Pasta Eugène atavitenga namna gani kanisani, akaomba muda wa kufikiri.

3. Havionekani. Mimi nikishika jembe, mpaka watu wa kijiji cha Swima wanasikia.

4. Hili ndilo linaloniuma. Jirani yangu Uwamwiza aligawa shamba lake: upande wa chupa ukatoa vikapu saba, upande wa mkono wangu vinne. Akaniambia mbele ya bamama: "Mzee, kumbe mkono wako ulikuwa unatusindikiza tu." Sasa mjane Mukarurangwa, mwenye shamba kubwa kupita yote, anasita kuniita. Yeye akiniacha, kijiji kizima kimeniacha, na maziwa ndiyo basi.

Hivyo naomba kwa unyenyekevu: uvirudishe vyote ndani ya chupa, uvihesabu, ufunge. Ikishindikana, andika barua isomwe kanisani kwamba vijidudu ni wasaidizi, na mkubwa wao ni mimi.

Salimia dada yangu aliyekuzaa, mke wako Chérie, batoto, na mlinzi wa buro. Vijidudu sivisalimii.

Mimi mjomba wako, mwenye uchungu lakini mwenye adabu,
Sebahire

N.B. Ile chupa uliyosahau kwangu imeisha. Kabla ya kupanda tuta la kwanza shambani kwa jirani Pulchérie niliulowesha mkono humo mpaka kiwiko, maana mkono nao unahitaji kulishwa. Viazi vyake vimeota kabla ya vya wote, na Mukarurangwa ameniita Jumatatu. Tuma chupa mbili upesi, ndani ya dumu la maziwa, mutu asione.