Mlima Ulioletwa na Mvua

Jumatatu, 4 Aprili
Nimenunua kompyuta ya baiskeli! Kidude cha kioo, kinakaa kwenye usukani. Kinapima mwendo, umbali na urefu wa milima niliyopanda. Yote haya kwa ajili ya baba wa mchumba wangu. Mzee ni mpima ardhi mstaafu. Wiki iliyopita nilipanda ngazi sita za kibaraza chake, nikafika juu nahema. Akatazama saa. Akasema hawezi kumwozesha binti yake kwa mtu anayemalizwa na ngazi sita. Nimepewa hadi mwisho wa mwezi nimthibitishie kwa tarakimu, si kwa maneno, kwamba nina pumzi. Tarakimu atazipata!

Kuna kikwazo kimoja. Mfamasia wa mtaani, hana mke, anaendesha baiskeli kila asubuhi, na ndiye anayempelekea mzee dawa za presha. Hadi mlangoni! Eti anapita tu. Simpendi.

Jumanne, 5 Aprili
Mvua. Kilomita nane, nimelowa hadi soksi. Kufika nyumbani, kidude kinasoma sifuri. Sifuri! Kumbe kioo ni cha kugusa, na tone la mvua nalo linagusa. Matone yamesimamisha safari, yakafuta rekodi, yakabadili na lugha. Muuzaji aliniapia kwamba hakiingii maji. Kweli hakiingii. Maji yanakaa juu na kubonyeza. Nimekivisha mfuko wa plastiki. Sasa kidole changu hakikisikii kabisa, mvua kinaisikia vizuri sana.

Alhamisi, 7 Aprili
Mvua kubwa kuliko zote. Nilizunguka nyuma ya kiwanda cha matofali, nikarudi mbio. Kidude kinasema nimepanda mita 1,912! Mji wetu ni bapa kama meza. Nikasoma kijitabu cha maelezo. Chini ya kidude kuna kitundu cha kupimia hewa. Kikiziba kwa maji, kipimo cha mwinuko huchanganyikiwa. Wanashauri kupuliza taratibu na kuacha kikauke.

Nimepiga mstari mwekundu chini ya sentensi hiyo. Pembeni nimeandika: USIPULIZE!

Jumamosi, 9 Aprili
Nimempelekea mzee tarakimu zake. Nilitegemea kukumbatiwa. Mzee akavua miwani, akaipangusa, akavaa, akasoma tena. Akauliza nimepanda wapi. Nikajikaza nikasema nyuma ya kiwanda cha matofali. Akasema eneo hilo alilipima mwenyewe, miaka thelathini na moja amefanya kazi wilaya hii, na mwinuko pekee ulioko huko ni wa mita kumi na nne. Nikasema labda kwa upande mwingine. Akanyanyuka, akaingia ndani.

Nilidhani anamwita binti yake tupangiwe siku. Akatoka amebeba ramani, furushi zima.

Jumapili, 10 Aprili
Mchumba amepiga simu. Baba hajala tangu jana. Ametandaza ramani kitandani, mama amehamia kwenye kochi. Mzee anasema kama mlima mzima ulimponyoka, basi hata mipaka ya viwanja vya watu aliyochora si ya kuaminika, na maisha yake yote kazini alikuwa anadanganya watu bila kujua.

Nimejisikia vibaya. Vibaya kweli. Nikaamua kwenda kusema ukweli, potelea mbali. Nikatoka. Njiani nikamkuta mfamasia anaelekea kulekule, kavaa kaptura, mashavu ya miguu yamemjaa, mkononi dawa. Akanipungia.

Nimeahirisha ukweli.

Jumatatu, 11 Aprili
Mpango mpya, na wa huruma! Nimemwambia mzee asijilaumu, mlima ulikuwepo kweli lakini ni mpya, na mvua za juzi zimeshaubomoa. Mzee akauliza, mita elfu moja mia tisa, kwa siku nne? Nikasema mvua ilikuwa kubwa. Akauliza tope lake limekwenda wapi.

Tope! Sikuwa nimelifikiria tope.

Keshokutwa tunakwenda wote watatu, pamoja na mchumba, kuangalia. Anabeba darubini yake ya kupimia na miguu yake mitatu.

Jumatano, 13 Aprili
Jua. Wiki nzima mvua, leo jua la kukausha magunia! Nilijiandaa: kichupa cha maji mfukoni. Tulipofika kwenye mwinuko, mzee akainama kusimamisha darubini, nami nikakikamulia kidude maji kitunduni. Nadhani nilizidisha. Kikasoma mita 640 chini ya usawa wa bahari. Mwendo, kilomita themanini na nane kwa saa. Nami nimesimama, nimeshika baiskeli!

Mzee akasoma. Akatazama chini, akanitazama mimi. Akaomba kijitabu cha maelezo kwa upole kabisa. Nikampa, kwa nini nisimpe? Nilikumbuka kalamu nyekundu alipokuwa keshafika ukurasa wa nne.

Akaikuta sentensi. Akalikuta USIPULIZE. Akakaa juu ya rundo la matofali, akasema polepole kwamba kumbe hakukosea. Machozi yakamtoka. Na mimi yakanitoka, ingawa yangu yalikuwa ya mambo mengine.

Kisha akatoa hukumu. Mita 1,912 nitazipanda. Hapo hapo, mita kumi na nne kila mara, jumla mara mia moja thelathini na saba, binti yake akihesabu. Nikimaliza atanioza. Nikishindwa, au nikiongeza chumvi hata punje moja, nisikanyage tena kibaraza chake. Mchumba akaniuliza kama ningesema ukweli lau mvua ingenyesha. Nikamwambia bila shaka. Akaniangalia muda mrefu sana. Ananipenda huyu.

Jumamosi, 16 Aprili
Nimeanza alfajiri. Kumi za kwanza, raha. Ya ishirini, magoti yanalia. Ya arobaini na moja nikalala chini kama gunia. Mchumba akasema anakwenda kunichotea maji kiwandani. Akaniachia daftari na kalamu. Akasema nihesabu mwenyewe, ananiamini.

Ananiamini! Baada ya yote! Moyo ulinijaa. Hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo tangu nizaliwe. Nikakaa juu ya matofali, nikafuta machozi, nikaandika: hamsini na mbili.

Si uongo. Kupanda nikiwa nimechoka ni zaidi ya kupanda nikiwa mzima, kila mtu anajua. Ni marekebisho tu.

Akarudi na maji. Akalisoma daftari. Akauliza, hamsini na mbili? Nikasema ndiyo, liulize goti langu. Akalifunga, akaliweka mkobani, akaniambia nipande, safari hii atahesabu yeye kwa mdomo. Nikapanda. Kutoka chini nikasikia sauti yake, kubwa, ya taratibu, mpaka walinzi wa kiwanda wakageuka: arobaini na mbili!

Maskini mchumba wangu, hesabu hajui. Nitamfundisha tukishaoana.