Goti la Kipusa

Jumatatu, Machi 23
Farasi wetu Kipusa anachechemea! Na Jumapili ya Matawi ndiye wa kumbeba katekista Munga mpaka kanisani, Shanzu nzima ikitazama. Daktari Nduku wa mifugo kampapasa goti. Asema ni mizigo: watalii wazito juu, lami chini, kila kishindo goti ndilo lipokealo. Roho yangu! Roseline mwenye punda akapita kunipa pole, meno yote nje.

Jumanne, Machi 24
Nimepata dawa. Nimemtandikia Kipusa godoro letu, asiisikie ardhi kabisa. Hatoki zizini. Thoya akauliza yeye atalala wapi. Nikamwambia mkeka upo, na mume wangu hana miguu minne ya kuuma.

Alhamisi, Machi 26
Mguu umekakamaa kama mti! Daktari kanigombeza. Godoro labonyea, mguu wapinda. Na kusimama tu pia kubaya: kiungo hupata lishe kikitembezwa, kikikandamizwa kidogo na kuachiliwa. Atembezwe taratibu mchangani, pale penye unyevu pagumu, maji yakipwa. Mzigo usizidi mtoto.
Mtoto! Katekista Munga ni magunia mawili ya mahindi.

Ijumaa, Machi 27
Nimemwendea katekista, shikamoo tele, nikamkumbusha kwamba Kwaresima ni kufunga. Akasema anafunga. Nyuma yake, mahamri na mbaazi za Roseline, sufuria nzima! Amnenepesha makusudi, Kipusa ashindwe, punda wake apate sifa. Wallahi yule mwanamke!
Nimemtembeza Kipusa pwani mimi mwenyewe. Mguu walegea.

Jumapili, Machi 29
Katekista kamchagua punda. Nikafuata nyuma na Kipusa wangu. Akapanda. Punda akaketi! Pale pale, juu ya matawi. Watu hoi kwa kicheko. Katekista akajipangusa, akasema atakwenda kwa miguu, ndio unyenyekevu. Akampandisha binti yangu Lavender, miaka sita, juu ya Kipusa. Tukapita mchangani. Kipusa akatembea kama bibi harusi, hachechemei hata kidogo! Nimelia mpaka leso ikalowa. Hata Roseline kapiga vigelegele. Nimemsamehe.

Jumatatu, Machi 30
Thoya kaamka goti lauma. Ati ni ule mkeka. Maskini mume wangu! Bahati yake, magoti sasa nayajua. Nimemrudishia godoro, nikaazima na la Roseline juu yake. Hakuna kukanyaga chini mpaka Pasaka.