Pingamizi Dhidi ya Bwana Gus na Pai Yake

Ndugu Mhariri Norma Teague,

Nakusalimu kwa heshima, wewe, mumeo, na yule mbuzi wenu aliyekula ratiba ya masomo ya chama chetu. Sisi huku magharibi ya Kansas hatujambo. Ngano inabadilika rangi na upepo ni uleule.

Mimi ni Verlin Kroeker, dereva wa lori la gesi, mume wa Janelle na baba wa Adelaide, ambaye ana miaka kumi, na mwezi wa Agosti anaanza darasa la tano. Kama wanachama wenzetu, tunamsomesha nyumbani, kwenye meza ya jikoni. Janelle anafundisha kila kitu. Mimi nafundisha hesabu, asubuhi, kabla sijawasha lori.

Katika jarida letu la Aprili uliumwagia sifa mtaala uitwao Hesabu na Bwana Gus, ambamo mtoto hufundishwa na mtu wa kwenye video aliyevaa shati la maua. Janelle alisoma sifa zako, akaagiza somo la majaribio, na nyumba yangu haijatulia tangu siku hiyo. Naomba mtaala huo usipewe meza kwenye maonyesho yetu ya mitaala, kule ukumbi wa chini wa kanisa. Sababu zangu ni hizi:

1. Sisi mtaala tunao. Ulitoka kwa mama mkwe wangu, Bi Wilma, aliyeutumia kuwasomesha wanawe wote. Ni kweli kwamba majibu yameshaandikwa ndani kwa penseli na shemeji yangu Dwight, na ni kweli kwamba mengi si sahihi. Dwight siku hizi anajenga madaraja. Sisi huzunguka kwa njia isiyo na daraja. Lakini kitabu chenyewe hakina kosa, na kina mwongozo unaomwambia mzazi kila neno la kusema. Mimi huusoma kama ulivyo. Umeandikwa, "Sema: Vizuri sana! Sasa tazama mchoro," nami nasema, "Sema, vizuri sana, sasa tazama mchoro." Umeandikwa kwenye mabano, "Ngoja mtoto ajibu," nami nasoma kwa sauti, "Ngoja mtoto ajibu." Majuzi ndipo Adelaide alipouliza, kwa upole aliourithi kwa mama yake, "Baba, hayo ya kwenye mabano si ni ya kwako tu?" Nilimjibu kwamba nyumba hii haina siri.

2. Bwana Gus anaeleza. Hili nalitaja kwa uzito wake. Tulipofika kwenye kugawanya sehemu kwa sehemu, nilimfundisha binti yangu kama nilivyofundishwa: pindua ya pili, kisha zidisha. Akauliza, "Kwa nini tunaipindua?" Nikamwambia imepinduliwa tangu enzi za babu zetu na hakuna aliyedhurika. Bwana Gus yeye alileta nusu ya pai ya tufaha, akaikata vipande vya robo, akauliza, "Humu mna robo ngapi?" Mtoto akasema mbili. Akaruka kitini. "Baba! Kumbe ndiyo maana!" Kisha Bwana Gus akala vile vipande mbele ya mtoto ambaye hajanywa hata chai. Mhariri, mwalimu anayekula ushahidi wake ataaminika vipi?

3. Bwana Gus anakubali kurudishwa nyuma. Mtoto akibonyeza, anasema tena maneno yaleyale kwa tabasamu lilelile. Hii inaharibu tabia ya mtoto. Sasa Adelaide ananitazama usoni kama mtu anayetafuta kitufe. Mimi nikirudia jambo mara ya pili, sauti hupanda. Hiyo ndiyo hali ya binadamu, na mtoto anapaswa kuizoea mapema.

4. Mtihani wao wa kumpangia mtoto ngazi si wa haki. Ili kuufichua, niliufanya mwenyewe. Adelaide aliufanya kwanza, akapangiwa darasa la tano, tena nusu ya mwisho. Kisha nikakaa mimi, mtu mzima mwenye leseni ya kubeba mizigo ya hatari. Mashine ikapiga tarumbeta ikaandika, "Hongera, Verlin! Uko tayari kwa darasa la nne!" Janelle alicheka hadi akashikilia mlango wa friji. "Usijali, mume wangu," akasema, "wametuma na nyota ya kubandika."

5. Kutokana na namba nne, heshima ya familia imeanguka. Bi Wilma alilitangaza jambo hili kwenye chakula cha pamoja cha Jumapili, akiwa na bakuli la viazi mkononi. Kwenye kituo cha mafuta, Curtis Yoder, ambaye mwenyewe hujumlisha kwa vidole, aliniita mbele ya wateja, "Verlin! Umefanya kazi yako ya nyumbani ya hesabu, au mbwa amekula daftari?" Nilimjibu hatuna mbwa. Akasema, "Basi huna kisingizio, kijana."

6. Bwana Gus hajawahi kufundisha akiwa na mafua. Hajawahi kufundisha huku mteja akipiga simu kwamba gesi ya kupasha joto banda imekwisha na kuku wanaganda. Hajui kwamba Adelaide akianza kusokota nywele maana yake amepotea njia, na akinyamaza kabisa maana yake ameshapata jibu anakuonea huruma. Kama chama kinamtaka sana, basi aje mwenyewe. Akae kwenye kiti changu, kile cha mguu unaoyumba, ale uji wetu wa shayiri, aoshe vyombo, aendeshe lori mpaka jioni. Tena alale varandani, kwa maana chumba hakuna. Nitamkabidhi na kofia.

7. Na hili ndilo la mwisho. Jioni nikirudi mtoto ana kwaya, ana kuku wake, ana vitabu vyake. Ile saa ya asubuhi ndiyo peke yake ambayo yuko mezani nami nimo ndani ya nyumba, na anahitaji kitu ambacho ninacho. Mtu wa shati la maua akikaa hapo, mimi nitakuwa nani? Nitakuwa dereva anayepita jikoni kuchukua kahawa.

Kwa hiyo nasisitiza: Bwana Gus asipewe meza, asipewe kiti, na ikiwezekana kaunti nzima imfungie njia.

Nisalimie mumeo, mpe pole mbuzi, wasalimie kina mama wa meza ya vitabu vya Kilatini, na Dwight ukimwona mwambie tunamwombea. 

Wako mtiifu katika chama,
Verlin Kroeker

Nyongeza: Nilimpa Adelaide barua hii aisahihishe. Amesema hoja ya sita na ya saba zinapigana, na kwamba hakuna aliyesema kiti changu kitolewe. Shauri lake ni kwamba Bwana Gus akae kwenye skrini ukutani, yeye na mimi tukae mezani, tufanye mazoezi wote wawili, naye anisahihishie. Nimekubali, kwa kumlinda mtoto. Basi tafadhali tuwekee vitabu viwili vya Bwana Gus siku ya maonyesho, kimoja cha darasa la tano na kimoja cha darasa la nne. Hicho cha pili kitie kwenye mfuko usioonyesha ndani, maana mlangoni atakaa Bi Wilma. Leo asubuhi tumejaribu somo la kwanza. Adelaide akaniuliza swali la sehemu, akafunga mikono kifuani, akasema kwa sauti, "Ngoja baba ajibu." Na kweli, akangoja.