Jina Lililofungua Laptop ya Mzee

Leo nimeaibika, na nikamburuta Mama kwenye aibu yangu mbele ya pasta. Wacha niwaambie mwenyewe kabla watu wa hapa kwetu Yamumbi hawajawaambia vibaya.

Mnajua tunamzika Mzee kesho. Wengi wenu aliwafundisha, kwa hivyo mnajua alikuwa mtu wa kupanga mambo yake. Alipoanza kuugua aliketi chumbani na laptop yake, akajirekodi akisimulia maisha yake. Alisema hataki mtu amsomee historia yake kwa mazishi na kuichanganya. Hiyo sauti iko kwa hiyo laptop tu, hakuna mahali pengine. Na tangu atuache, Mama ameomba kitu kimoja: aisikie kabla hatujamzika. Hajalia. Hajakula vizuri. Anakaa tu kwa kile kiti cha Mzee, ukipita anakuuliza, "Mmefungua?"

Sasa nani wa kufungua? Si ni mimi? Mimi ndiye nafundisha kompyuta pale mjini. (Ukoo mzima huniita injinia. Sijawahi kuwakataza.)

Mchana wa leo sebule imejaa. Pasta yuko, wazee wa kanisa wako, akina mama wa maombi wako, na Shangazi, dada mkubwa wa Mzee. Nikawasha. Skrini nyeusi, kisanduku kidogo katikati: weka paswadi. Na hii si ile ya kawaida. Ni ile inayowekwa ndani kabisa ya mashine, inakuuliza kabla hata kompyuta haijaamka. Mzee aliiweka kwa sababu ya wajukuu, walikuwa wanamchezea gemu mpaka chaji inaisha.

"Hiyo ni kitu kidogo," nikasema. Kwa sauti, ili pasta asikie.

Mama akaniinamia. "Wacha kwanza wageni waende, nitakusaidia."

"Mama, wewe pumzika. Hii ni mambo ya kompyuta."

(Hiyo sentensi ikumbukeni.)

Nikaitisha bisibisi. Nikawaeleza wageni kwamba ndani kuna betri ndogo kama shilingi, ukiitoa mashine inasahau kila kitu, paswadi ikiwemo. Kwa kompyuta za zamani hiyo ni ukweli. Nikafungua, nikaitoa, nikatoa na somo kidogo tukingoja, nikairudisha. Nikabaki na skrubu moja mkononi. Nikaitia mfukoni kama mtu anayejua anachofanya.

Nikawasha. Weka paswadi. Kitu pekee ilichosahau ni tarehe.

Nikaanza kubahatisha. Jina la Mzee, ikakataa. Jina la shule yake, ikakataa. Jina langu (nilijaribu, mnishtaki), ikakataa, ikalia tii, ikazima. Hiyo mashine ukikosea mara tatu inakufungia, unaiwasha upya. Pasta akapendekeza Yehova. Ikakataa na hiyo.

Hapo ndipo Shangazi akasogeza kiti. "Tuiitie majina," akasema.

Kwetu, kwa wale hamjui, mtoto akizaliwa akina mama wazee humwitia majina ya waliotangulia, moja moja, mpaka apige chafya. Jina akilipigia chafya ndilo lake. Basi wakaanza. Babu wa Mzee. Baba yake. Mjomba wake aliyepotelea vitani. Wao wanaita, mimi naandika, mashine inakataa, inazima, nawasha. Walipomaliza majina ya wanaume wakaanza ya wanawake, halafu ya wajukuu, halafu ng'ombe wake aliyempenda.

"Huyu mtoto hataki kupiga chafya," mzee mmoja wa kanisa akasema. Sebule ikacheka. Mimi pia nikacheka, halafu nikamwangalia Mama. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Kicheko kikaniishia hapo. Niliiona kesho inafika, tunamfunika Mzee na udongo, na Mama anarudi kwa kile kiti na lile swali lake. Nilijisikia vibaya sana, siwafichi.

Mama akainuka. Akaja polepole, akaniwekea mkono begani, akaninong'oneza neno moja sikioni.

Mtu mwenye akili angeandika tu, anyamaze. Mimi nikauliza, na sauti yangu yote ya darasani:

"Kasupuu? Mama, umesema Kasupuu?"

Ikabaki kusikika sufuria zikioshwa nje.

Kasupuu, jamani. Vile vijana wa mtaa wa Langas wanaita msichana mrembo. Mzee wetu, mwalimu mkuu, aliyetuchotesha maji mpaka dramu ijae kwa neno moja la Sheng, ile lugha ya vijana wa mtaani, alikuwa anamwita hivyo mke wake. Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Nyanya wa watu. Pasta akaanza kuchunguza dari. Shangazi akajifunika uso na leso, mabega yanaruka.

Mama alikuwa ametazama ukuta. Akasema kwa sauti ndogo, "Herufi ya kwanza ni kubwa."

Nikaandika. Ikafunguka.

Pale chini kwa kona, ile tarehe iliyosahaulika ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, kabla Mzee hajaugua. Ndani ya ile mashine, Mzee bado alikuwa mzima. Nikaitafuta rekodi, nikaibonyeza. Tukasikia kiti kikilia. Tukamsikia akikohoa. Halafu ile sauti yake, kama yuko chumba cha pili:

"Kasupuu, nifungie huo mlango. Nimeanza."

Mama akacheka. Akacheka kabisa, na mkono mdomoni. Halafu kicheko kikageuka akiwa katikati yake, akalia, kile kilio tulichokuwa tunakingoja wiki nzima. Shangazi akamshika. Mimi nilitoka nje nikasimama na wale wa sufuria, na skrubu yangu mfukoni.

Nilirudi baadaye nikamuuliza, polepole safari hii, "Mama, pale mwanzo nikate?"

"Usikate."

Kwa hivyo kesho itapigwa vile ilivyo, kwa spika, mbele ya kanisa lote. Tafadhali msicheke. Na mkienda kumsalimia, mwiteni Mama Chebet kama kawaida, kwa sababu mwenye kumwita lile lingine ndiye tunamzika.