Malachy Brophy na Somo la Kukataa

Kitovu cha Kiingereza kimezikwa mjini kwetu Kilkenny, nyuma ya nyumba ya Malachy Brophy, karibu na mapipa ya taka! Maneno hayo si yangu. Ni yake mwenyewe, na huyatamka akiwa amefumba macho, kama mtu anayeonja mchuzi alioupika kwa mkono wake.

"London?" husema. "London walijifunza kwetu! Ukuta huu unaouona ulikuwa unasikia Kiingereza safi wakati London bado matope matupu!"

Ukuta ni wa kale kweli, sibishi. Lakini kama kukaa karibu na ukuta wa kale kungempa mtu elimu, popo wa kanisani wangekuwa maprofesa. Malachy alikuwa akiuza mazulia. Biashara ilipomfia akafagia chumba cha mbele, akatundika kibao, Chuo cha Ukuta wa Kale, na mimi jirani yake akaniajiri kufundisha wageni sarufi ya Kiingereza asubuhi. Alasiri ilikuwa yake. Somo lake aliliita Adabu za Mji Mkongwe.

Adabu yenyewe ndiyo hii. Huku kwetu mtu akikukaribisha chai, haifai kukubali papo hapo, labda uwe mlafi. Unasema hapana. Anakukaribisha tena, unaapa kwamba umeshiba. Anakubembeleza mara ya tatu, ndipo unasema haya basi, tone tu, kisha unamaliza birika zima. Kila mtoto wa Kilkenny analijua hilo kabla hajaota meno. Malachy akaligeuza sayansi!

"Gonzalo!" alimfokea kijana mmoja wa Burgos, Hispania. "Unataka keki?"

"Ndiyo, mwalimu. Asante."

"Ndiyo? Umelelewa wapi wewe, zizini? Sema hapana!"

"Lakini mwalimu, naitaka."

"Ndiyo maana unatakiwa kusema hapana!"

Nilimwambia Malachy, tena kwa upole, kwamba adabu hiyo inahitaji watu wawili wanaoijua. Akanitazama juu mpaka chini.

"Dervla, wewe shika vitenzi vyako. Ustaarabu niachie mimi."

Haya. Mwenye masikio ya pambo mwache.

Basi ikaja habari kwamba Bi Hendrikje Vos anakuja kutukagua. Huyu ni mama wa Uholanzi anayetafutia vijana wa kwao vyuo vya kusomea Kiingereza kila kiangazi. Akituridhia, chuo kitajaa mpaka mlangoni. Asiporidhika, ndiyo basi, kibao kinashuka, maana wanafunzi tuliokuwa nao hawakutosha hata kupasha chumba joto. Na Malachy alishatangaza ushindi mji mzima! Baa nzima ilijua. Padri alijua. Hata nyumba ya jirani wa upande wa pili alishaipima kwa hatua, aone pa kubomoa ukuta apanue darasa.

Bi Vos akaja kwa baiskeli, na mvua ikimnyeshea, mrefu, mkavu wa maneno.

"Karibu chai, mama!" Malachy akaimba.

"Hapana, asante."

Malachy akanikonyeza. "Umeona? Mtu na adabu zake!" Akamgeukia. "Kikombe kimoja tu, mama."

"Nimesema hapana."

Malachy akatabasamu mpaka masikioni. Akabembeleza mara ya tatu, na bila kungoja jibu akammiminia chai na kumwekea kipande cha keki magotini. Bi Vos akaitazama ile keki kama kitu kilichoachwa pale na paka. Kisha akawageukia wanafunzi, akisoma majina waliyobandika vifuani.

"Gonzalo, umefurahi hapa?"

Gonzalo alikuwa akitupenda jamani! Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa. "Aa, hapana, mama. Hapana kabisa."

"Na wewe, Fiorella? Ungependa kurudi mwakani?"

"Mimi? Wala! Usijisumbue!"

Wote wakatoa shingo mbele, wakingoja waulizwe tena. Hawakuulizwa.

Jasho likamtoka Malachy. "Waulize tena, mama!"

"Kwa nini? Wamenijibu."

"Hawajajibu! Hao ndiyo kwanza wanaanza kujibu!"

Nikaona niingilie, si kwa ajili yake, kwa ajili ya wale vijana waliokwisha kupauka nyuso. Nikamweleza Bi Vos desturi yetu tangu mwanzo hadi mwisho. Akasikiliza, na kwa mara ya kwanza akacheka.

"Sasa nimeelewa. Na Kiingereza chao ni kizuri, hilo nimelisikia. Lakini Bwana Brophy, sisi kwetu swali huulizwa mara moja, na jibu ni jibu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana kabisa, mama!"

"Vizuri. Nataka kukuletea vijana wangu wote wa kiangazi hiki. Unawataka?"

Nikamkazia macho Malachy. Sema ndiyo, mwanaume! Neno moja tu!

Malachy akaweka mkono kifuani. Akainamisha kichwa.

"Aa, hapana, mama," akasema kwa sauti ya asali. "Ukarimu gani huo! Nisingependa kukusumbua."

"Sawa," akasema Bi Vos. Akaweka keki mezani, akatuaga sote kwa mkono, akatoka.

Tulisikia kengele ya baiskeli ndipo Malachy akazinduka. Akachomoka na ndala zake, akaruka madimbwi, watu wakitoka madukani kumtazama. "Ndiyo, mama! Nawataka! Rudi tuzungumze!"

Bi Vos hakusimama hata kidogo. Akainua mkono mmoja bila kugeuka. "Hapana, asante!"

Niliona aibu hata kumtazama mtu huyu akirudi. Lakini Malachy aliingia amelowa chapachapa, anahema, uso unang'aa.

"Mmesikia?" akasema. "Kakataa mara moja tu! Huyo kashakubali!"

Kesho yake akaagiza vitanda vya vijana wa Uholanzi. Vimejaa chumba cha mbele mpaka leo, na nailoni zake hazijatolewa.